Wasichana wa Aboke na Jeraha Lisiloonekana

Usiku wa tarehe 9 kuamkia tarehe 10 Oktoba 1996, waasi wa Joseph Kony waliingia katika shule ya wasichana ya Aboke, jimbo la Lira, kaskazini ya Uganda. Walivunja madirisha ya mabweni, wakachukua wasichana 139, wakaenda nao porini.

Kulipokucha, Sista Rachele Fassera, Mmisionari Mkomboni kutoka Italia, alifuata nyayo zao pamoja na mwalimu mmoja. Akawafikia, akamsihi mkubwa wao. Mwishowe mtu yule aliandika hesabu chini kwenye udongo: wasichana ni 139, atarudisha 109, atabaki na 30. Sista akaomba achukuliwe yeye badala yao, akakataliwa.

Wasomaji wapendwa, tunausifu ushujaa wa sista huyu. Lakini leo tutazame pia moyo wa wale wasichana. Hata wale 109 hawakurudi salama kabisa, maana walirudi wakijua kwamba wenzao 30 wamebaki. Mtoto wa namna hiyo hujiuliza: Kwa nini yeye, si mimi?

Vita ile ilianza yapata mwaka 1987, ikaendelea huko Uganda karibu miaka 20. Mtoto aliyezaliwa mwanzoni mwake alifika ujana bila kuonja amani. Kulikuwa na miaka ambapo maelfu ya watoto walitembea kila jioni kutoka vijijini, wakalale mjini Gulu, wasije wakatekwa. Na waliotekwa walilazimishwa kupiga wenzao, hata kuwaua, ili waone haya kurudi kwao. Ndiyo hila mbaya kuliko zote: aliyedhulumiwa hujiona mwenye hatia.

Sisi wa Kongo tusidhani kwamba hayo ni mambo ya jirani tu. Tarehe 17 Septemba 2008 waasi hao hao waliwateka wanafunzi huko Duru, katika Haut-Uele. Hata yule wa mwisho kurudi kati ya wasichana 30 wa Aboke alitoroka humu nchini mwetu, mwaka 2009.

Basi, kijana aliyepita katika mambo hayo tutamjuaje? Usiku huota ndoto za kutisha. Mlango ukibamizwa, hushtuka. Darasani macho yake yako ubaoni, lakini mawazo yako mbali. Mara hukasirika, mara hunyamaza siku nzima. Watu husema: ni mvivu, au ana pepo. Wengine humwita mke wa waasi. Maneno hayo humrudisha porini mara ya pili.

Huko Dungu, Sista Angélique Namaika aliwapokea wanawake na wasichana waliotoka mikononi mwa waasi. Akawafundisha kusoma, kushona na kupika. Mwaka 2013 alipewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa. Kazi yake inatufundisha kwamba jeraha la moyo halitibiwi kwa sala peke yake, wala kwa cherehani peke yake. Linataka vyote viwili, na mtu wa kukaa karibu bila kuhukumu.

Tena tukumbuke mafundisho ya Kanisa: tendo alilolazimishwa mtu kwa hofu ya kifo halihesabiwi sawa na tendo alilolichagua mwenyewe. Wako vijana parokiani ambao hawajaambiwa neno hilo hata siku moja. Tuwaambie.