Risasi Inapokwama, Nani Anaulizwa Kwanza?

Mwaka 1940 jeshi la Marekani lilikuwa na bunduki mpya ya kujivunia, na ndani yake kasoro ya ajabu. M1 Garand, iliyobuniwa na John Garand katika kiwanda cha serikali cha Springfield na kukubaliwa rasmi 1936, hupakiwa kwa kibano cha chuma chenye risasi 8. Sita za mwanzo zilitoka vizuri, kisha ya saba ikakwama. Haikuwa kila bunduki wala kila mara, lakini ilitosha kasoro hiyo kupewa jina lake. Julian Hatcher, ofisa wa silaha aliyeandika baadaye kitabu kizima juu ya Garand, ameeleza jinsi mafundi walivyoifuatilia. Hawakuanza na askari. Walilinganisha bunduki za mfano na zile zilizotoka kwenye mashine za kiwanda, wakakuta kwamba ubavu mdogo wa chuma unaoiongoza risasi njiani ulikuwa umepunguzwa katika uchongaji. Wakaurudisha, na bunduki zilizokwisha kutengenezwa zikaongezewa chuma kwa kulehemu. Tatizo likaisha.

Ninaanza na kisa hiki kwa sababu miaka 25 baadaye jeshi hilohilo lilifanya kinyume, na vijana wakafa.

Katika bunduki inayojipakia yenyewe, nguvu ya risasi iliyotoka ndiyo inayorudisha bolti nyuma na kulitoa ganda tupu, kisha springi huirudisha bolti mbele ikichukua risasi nyingine kutoka magazini. Risasi, magazini, chemba ambamo risasi hukaa, na mkono unaoitunza bunduki: kimoja kikiharibika, vyote vinasimama. Kila mapokeo ya kijeshi yana mtuhumiwa wake wa kwanza pale bunduki zinapokwama, na hapo ndipo Wamarekani na Warusi walipoachana njia.

M16 ya jeshi la Marekani ilitokana na AR-15 ya mbunifu Eugene Stoner, bunduki nyepesi iliyofanya vizuri kwenye majaribio. Stoner aliipima kwa baruti ya aina moja. Jeshi likaibadilisha baruti hiyo, likatumia nyingine iliyoacha masizi mengi zaidi ndani ya bunduki na kuongeza kasi ya ufyatuaji kupita ile iliyokusudiwa. Chemba haikupakwa kromu, ingawa M14 iliyotangulia ilikuwa na kromu, na ingawa Arisaka ya Kijapani ya vita vya Pasifiki ilipakwa kromu ndani ya mtutu tangu zamani. Katika unyevu wa Vietnam chemba zikapata kutu, ganda likang'ang'ania ndani, na risasi iliyofuata ikakosa pa kuingia. Askari wakaonekana wakibeba fimbo za kusafishia, wakilisukuma ganda nje kupitia mdomo wa mtutu huku adui akiwafyatulia. Vifaa vyenyewe vya kusafishia havikutosha, na uvumi ulikuwa umeenea kwamba bunduki hii haihitaji kusafishwa.

Jibu la kwanza la wakubwa lilikuwa kwamba askari ni wachafu, hawatunzi silaha. Usafi ulihitajika kweli, hilo halibishiwi. Lakini kumlaumu aliyepewa bunduki bila kifaa cha kuisafishia, tena yenye baruti ambayo mbunifu hakuikusudia, ni kumbebesha mnyonge mzigo wa mwenye mamlaka. Barua za wanajeshi zikafika magazetini na bungeni. Mwaka 1967 kamati ndogo ya Bunge iliyoongozwa na Richard Ichord ikachunguza, na ripoti yake ikaelekeza lawama juu: kwenye badiliko la baruti na usimamizi wa jeshi, kwa maneno yaliyokaribia kuuita uzembe huo jinai. Chemba zikapakwa kromu, kifaa cha ndani ya kitako kinachopunguza kasi ya bolti kikabadilishwa, vifaa vya usafi vikasambazwa, na mchoraji Will Eisner akaandaa kijitabu cha vibonzo cha kuwafundisha askari namna ya kuitunza.

Upande wa Kisovieti hadithi huwa inasimuliwa kana kwamba Mikhail Kalashnikov alipata ufunuo. Si hivyo. Warusi nao walikuwa wameshaungua. SVT-40 ya Tokarev, bunduki inayojipakia yenyewe, ilitumia risasi ya mwaka 1891 yenye ukingo uliojitokeza kwenye kitako chake. Ukingo huo ni adui wa magazini, maana risasi ya juu ikikaa nyuma ya ukingo wa risasi ya chini, zinashikana. Gesi yake ilihitaji kurekebishwa kwa mkono kufuatana na hali. Vijana walioandikishwa kwa haraka 1941 hawakuwa na mafunzo hayo, na bunduki ikapata sifa mbaya. Jibu halikuwa kumgeuza mkulima kuwa fundi. Walianza upya na risasi yenyewe mwaka 1943: fupi, bila ukingo uliojitokeza, na ganda lililochongoka kuelekea mbele. Umbo hilo huingia chembani kwa wepesi, na likivutwa kidogo tu linaachana na kuta. Ndilo lililoilazimisha magazini ya AK, bunduki ya Kalashnikov, kupinda. Juu yake wakaweka bolti nzito, nafasi za kutosha kati ya vyuma ili mchanga upite, na magazini ya chuma kinene isiyopinda midomo kirahisi. Kila sehemu ilibuniwa ikijua mwenziwe.

Tanzania wengi tunaiita AK hii SMG, na imeenea imani kwamba haikwami. Inakwama. Magazini iliyopondwa midomo au springi iliyochoka haina huruma na bunduki yoyote. Kilicho tofauti ni kwamba Warusi waliibuni wakimkubali askari kama alivyo.

Wajerumani walikuwa na njia yao. Bunduki yao ya G3, inayofahamika kwa vyombo vya usalama vya Kenya, ina mifereji midogo ndani ya chemba ambamo gesi hupita na kulifanya ganda lielee, na ganda hutoka likiwa na mistari myeusi. Waingereza waliichonga mifereji ya mchanga kwenye bunduki ya FAL. Waisraeli, waliosumbuliwa na FAL jangwani, waliunda Galil na kuikubali 1972 kwa kufuata mtambo wa AK kupitia bunduki ya Valmet ya Ufini. Lakini Waisraeli haohao baadaye wakaikumbatia M16, ile iliyokwisha rekebishwa, na jangwani ikawafaa.

Hilo kwangu ndilo linalomaliza ubishi. Bunduki ya Stoner haikuwa mbovu, na vijana wa Vietnam hawakuwa wazembe. Mafundi wa Springfield walishaonyesha 1940 pa kuanzia. Jeshi lolote linalopokea malalamiko ya silaha zinazokwama likague kwanza shehena ya risasi, magazini na chemba, pamoja na maamuzi ya ununuzi yaliyozileta, kabla ya kumwita askari mbele na kumuuliza kama alisafisha.