Meza ya Ufukweni Ugiriki na Mkonge wa Korogwe



Mabibi harusi wengi siku hizi wanatuuliza kuhusu fungate Ugiriki, na wote wana picha moja kichwani: meza ya ufukweni, kitambaa cheupe, samaki wa kuchoma na bahari ya buluu. Tumekwenda, tumekaa kwenye meza hiyo, na raha yake ni ya kweli. Ila meza ile ina historia, na sehemu ya historia hiyo imepita Korogwe na Handeni.

Tulikuwa wanne, kwenye kisiwa cha Aegina, kwa boti kutoka bandari ya Piraeus. Tulikwishaswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya, kwa hivyo hatukuwa na haraka. Wagiriki nao hawana haraka. Chakula cha mchana ni saa nane, hata saa tisa, na sahani huwekwa katikati kila mtu akachukua, kama sinia letu. Tulikula zeituni, nyanya na jibini la feta, mkate, na samaki aliyekamuliwa limau. Kome na baadhi ya michuzi hupikwa kwa mvinyo, basi uliza kabla ya kuagiza, usione haya. Bili haiji mpaka uiombe.

Mbele yetu palikuwa na mashua kuukuu, imefungwa kwa kamba nene ya rangi ya mchanga. Mwenzetu mmoja, mzaliwa wa Korogwe ambaye bibi yake ni Mzigua wa Handeni, aliishika akacheka. "Hii si katani hii! Mimi nimekulia kwenye mkonge."

Mkonge ulikuja kwetu kama mgeni. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika hai na kupandwa karibu na Pangani ilikuwa 62 tu. Kutoka hiyo 62 yakaenea mashamba yaliyofunika bonde zima. Mwaka huohuo reli ilianza kujengwa kutoka Tanga, na mwaka 1902 ikafika Korogwe. Wagiriki walikuja zama hizo, wengine wakiwa makandarasi wadogo wa reli. Baada ya Vita vya Kwanza, Waingereza walipouza mashamba ya Wajerumani, Wagiriki na Wahindi walinunua mengi. Huyu ambaye leo tunamfuata kwao kutafuta mapumziko, jana alitufuata kwetu kutafuta riziki.

Na kwao hakukuwa na neema siku zote. Katika Vita vya Pili, nchi ikiwa mikononi mwa majeshi ya Wajerumani na wenzao, njaa iliua Wagiriki wanaokadiriwa kufika 300,000. Majira ya baridi ya 1941 hadi 1942 ndiyo yaliyokuwa makali zaidi.

Miezi hiyohiyo, mkonge wa Tanga ulipata thamani kubwa. Wajapani waliteka Ufilipino na Java, na Waingereza wakahitaji nyuzi za kamba za meli. Lakini aliyekata mkonge hakuwa na meza ya ufukweni. Walikuwa manamba, waliotoka Kigoma, Njombe, Songea, hata Ruanda-Urundi, mbali na wake na watoto wao. Mtu alipewa kipande cha siku 30, na siku ambayo kazi haikutimia haikuhesabiwa. Kufikia 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka, ya kwanza duniani. Mwaka 1967 serikali ikataifisha mashamba mengi, nyuzi za plastiki zikashusha bei, na Wagiriki wengi wakaondoka.

Handeni nayo ina habari yake. Wazee wa Kizigua husimulia njaa kubwa ya karne ya 19, iliyowafanya watu washuke pwani kutafuta chakula. Waliahidiwa kazi ng'ambo, wakapakiwa majahazini, na kule Somalia wakauzwa utumwani. Wajukuu wao walikaa kando ya mto Juba wakiendelea kusema Kizigua. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991 wakakimbia, na baadhi yao wakarejea Handeni ileile, wakapewa makazi Chogo, na wengi baadaye wakapata uraia.

Mwenzetu alisema bibi yake hakuruhusu hata ukoko wa ugali utupwe. Utotoni alidhani ni ubahili. Siku ile, mbele ya sahani zilizojaa, alielewa kuwa bibi alikuwa akikumbuka.

Basi, bi harusi wetu, nenda fungate yako ukiweza, na ukae mezani hata saa tatu. Kupumzika na mumeo si dhambi. Ila Surat At-Takaathur imetukumbusha kwamba neema zina siku ya kuulizwa. Piga bismillahi, agiza unachoweza kukimaliza, na thamani ya sahani moja iwe sadaka kwa mwenye njaa nyumbani.

Sisi tulibakiza mkate. Mwenzetu aliufunga kwenye leso, na Magharibi ilipoingia tukiwa kwenye boti ya kurudi Piraeus, tukaugawana vipande vinne.