Mkastani, Mti wa Unga wa Milima ya Italia

Katika milima ya Italia uko mti ambao kwa muda wa miaka elfu na zaidi umewalisha watu mahali ambapo ngano haikukubali kustawi. Waitaliani wauita castagno. Sisi hatuna jina la kwetu lililozoeleka; kwa hiyo katika habari hii tutauita mkastani, na tunda lake kastani. Biblia ya Kiingereza iliyotolewa mwaka 1611 yautaja katika Mwanzo 30:37, katika habari ya fito za Yakobo, lakini wafasiri wa siku za baadaye wameona ya kuwa mti uliotajwa pale ni mwingine, na Biblia yetu ya Kiswahili imeliacha neno la Kiebrania karibu kama lilivyo, yaani mwaramoni. Basi mkastani hatutautafuta Harani kwa Labani, tutautafuta Ulaya.

Habari zake zafaa kusimuliwa kwa sababu mti huu umepigwa na maradhi makubwa matatu, moja baada ya jingine, na kila mara mawazo ya kwanza ya watu yalikuwa shoka na moto. Mara mbili katika hizo tatu, shoka na moto vingaliiangamiza dawa yenyewe.

Kastani si kama karanga wala korosho, maana haina mafuta mengi; nyama yake ni wanga, kama muhogo. Ganda lake ni la rangi ya kahawia, laini, lenye kung'aa. Kastani mbili au tatu hulala pamoja ndani ya kifuko chenye miiba mikali, nao Waitaliani hukiita kifuko hicho kwa jina la mnyama kalunguyeye, wala hawakukosea. Mti wenyewe huishi miaka mingi sana. Huko Sant'Alfio, kwenye matelemko ya mlima wa moto Etna, uko mmoja uitwao Mkastani wa Farasi Mia, kwa kuwa wazee husimulia ya kwamba malkia mmoja na wapanda farasi wake mia walijikinga mvua chini yake. Hadithi hiyo kila mtu na aipokee apendavyo, lakini kipimo si hadithi: mwaka 1780 mzingo wa shina lake ulipimwa ukaonekana kuwa karibu mita 58. Siku hizi shina hilo limegawanyika, nao mti ungali hai.

Warumi wa kale waliujua mkastani, bali ulienea hasa baada ya mwaka 1000, watu walipozidi na mashamba ya bondeni yasiwatoshe. Watu wa milima ya Apenini humsifu Matilde wa Canossa, mtawala mwanamke aliyefariki mwaka 1115, kwamba ndiye aliyehimiza upandaji. Mkastani uliojiotea huzaa matunda madogo. Ili kupata kastani njema yapasa kuubebesha, yaani kuunga kikonyo cha mti mwema juu ya shina la mti mwingine, kama wafanyavyo wakulima wa machungwa na maembe. Kisha mkulima hungoja miaka mingi kabla ya kupata mavuno kamili. Aliyebebesha mti alijua ya kuwa watakaoshiba ni wajukuu, na shamba la mikastani lilikuwa urithi ulioandikwa mti kwa mti. Kabla ya mavuno ya Oktoba nyasi zilifyekwa na chini kukafagiliwa kama ua wa nyumba, kusudi kastani zikianguka zionekane zote.

Kastani mbichi haikai. Hapo ndipo twaona akili ya watu wale. Katika Toscana walijenga kijumba cha mawe kiitwacho metato, chenye dari ya fito zilizoachiwa nafasi kidogo kati yake. Kastani zilimwagwa juu ya dari, na chini yake ukawashwa moto mdogo usio na ndimi, ukalindwa usiku na mchana kwa muda wa siku thelathini au arobaini. Msomaji aliyeona mahindi yakiwekwa darini juu ya meko ya mama yake ataelewa upesi. Moto ukizidi, chakula cha mwaka kiliungua. Ukipungua, kiliota ukungu. Jioni jirani walikuja kuota moto huo na kusimuliana habari, na watoto wengi walijifunza mambo ya wazee wao katika moshi ule kuliko mahali pengine po pote. Zilipokwisha kukauka, kastani zilitiwa katika mifuko na kupigwa juu ya kisiki mpaka maganda yakavunjika, zikapepetwa, zikapelekwa kwenye kinu cha maji. Unga wake huitwa unga mtamu, maana una utamu wake wenyewe pasipo sukari. Ulishindiliwa katika sanduku kubwa la mbao, ukawa mgumu hata ukahitaji kukatwa. Walipika ugali wake. Tena walioka mikate myembamba kati ya vigae vilivyopashwa moto, wakiweka majani ya mkastani katikati ili unga usigande. Majani yaliyobaki yalitandikwa katika zizi la ng'ombe, na mbao zikafanywa mapipa na nguzo za mizabibu. Wengine waliuita mkastani mti wa mkate, na kwa maskini wa milimani haikuwa sifa ya mdomo tu. Mwaka wa kastani chache ulikuwa mwaka wa njaa.

Wadudu wadogo walikuwako siku zote. Fukusi mwenye pua ndefu hutoboa tunda na kutaga ndani, na kiwavi wa nondo mmoja naye huingia katika tunda na kulila. Dawa ya zamani ni kuzilowesha kastani katika maji baridi kwa siku kadhaa, mara nyingi tisa, na kwa hiyo kazi hiyo ikaitwa novena, kama sala za siku tisa. Hasara ya fukusi ni debe moja au mawili. Haikumwondoa mtu katika kijiji chake.

Adui mkubwa wa kwanza alitoka chini ya ardhi. Katika karne ya 19 wakulima waliona miti mikubwa ikinyauka kuanzia kileleni, majani yakiwa madogo na ya manjano. Walipofukua penye shina wakakuta gome limeoza, na maji meusi yakichuruzika na kutia udongo doa. Wakauita ugonjwa wa wino. Mwaka 1917 mtaalamu Lionello Petri alikieleza na kukipa jina kiumbe kiletacho ugonjwa huo, kidogo kisichoonekana kwa macho matupu, ambacho huogelea katika maji ya udongo mpaka kwenye mizizi. Ndiyo sababu miti ya mabondeni na penye maji yaliyotuama ilitangulia kufa.

Wakati huohuo likaingia jambo la fedha. Ubao wa mkastani una tanini nyingi, ile dawa ya kutengenezea ngozi ambayo kwetu hupatikana katika gome la muwati na la mkoko. Viwanda vikajengwa, na mwenye mti mgonjwa, au mwenye deni tu, akaweza kuuza kwa siku moja kile babu yake alichokingoja nusu ya maisha. Siwalaumu wote, baba mwenye watoto wenye njaa hana nafasi ya kuwafikiria wajukuu. Lakini kwa njia hiyo miti mingi mizima ilikwenda pamoja na migonjwa.

Ili kumwelewa adui wa pili yatupasa kuvuka bahari mpaka Marekani, maana huko ndiko alikoonekana kwanza. Mwaka 1904, katika bustani ya wanyama ya Bronx mjini New York, msimamizi wa miti Hermann Merkel aliona mikastani ikifa. Ilikuwa imeingiwa na kuvu iliyokuja pamoja na miche ya mikastani ya Asia ya mashariki, ambako miti ya huko imeizoea. Kuvu hiyo huingia penye jeraha la gome, hata likiwa dogo sana, hufanya kidonda chenye rangi ya machungwa, nacho kikilizunguka shina, sehemu yote iliyo juu yake hufa. Mbegu zake, ndogo kama vumbi, huchukuliwa na upepo, mvua, ndege, na shoka la mkata kuni. Jimbo la Pennsylvania liliunda tume mwaka 1911, wakakata miti mbele ya ugonjwa kama wazimao moto wa nyika wanavyofyeka njia. Mwaka 1913 tume ikafungwa, ugonjwa umewapita. Wenye misitu wengi wakakata hata miti isiyougua, wapate kuuza mbao kabla haijafa, na huenda miongoni mwake ilikuwamo iliyoweza kustahimili. Kufikia mwaka 1950 ilikuwa imekufa miti inayokadiriwa kuwa zaidi ya milioni elfu tatu.

Mwaka 1938 kuvu hiyohiyo ikaonekana Italia, karibu na mji wa bandari wa Genova. Waliozisoma habari za Marekani waliona kwamba mwisho wa mkastani umefika. Kisha vita vikaja. Toka 1943 hata 1945 mstari wa mapigano ulipita katika milima ileile, na watu waliokimbia mabomu ya mijini wakaishi kwa unga mtamu wa miti ambayo wataalamu walikuwa wamekwisha kuikatia tamaa. Vita vilipokwisha, vijana walishuka kwenda viwandani Torino, Milano na Genova, na metato nyingi zikaanguka mapaa.

Hapo ndipo lilipotokea jambo lisilotazamiwa. Mapema katika miaka ya 1950, mtaalamu wa magonjwa ya mimea Antonio Biraghi aliyachunguza machipukizi ya visiki katika msitu ulioingiwa na ugonjwa, akaona vidonda visivyofanana na vingine. Gome lilikuwa limevimba na kupasuka juu juu tu, chini yake likawa zima, na mti ukaendelea kukua. Jicho la haraka lingaliona kidonda na kuamuru shoka. Biraghi aliona kovu. Katika miaka ya 1960 Mfaransa Jean Grente aliichukua kuvu ya vidonda vilivyopona, akaiotesha, nayo ikaota nyeupe badala ya kuwa na rangi ya machungwa. Na alipoipaka penye kidonda kibaya, kidonda kile nacho kikapona. Baadaye ilijulikana ya kuwa kuvu yenyewe ilikuwa inaugua: ndani yake mna kirusi kinachoidhoofisha, nacho hupita kutoka kuvu moja hata nyingine zinapogusana na kuungana. Basi mgonjwa alikuwa ameambukizwa ugonjwa wa kumponya mwingine. Ufaransa wakatumia dawa hiyo katika mashamba kwa kutoboa vitundu kuzunguka kidonda na kutia humo kuvu nyeupe. Na katika sehemu nyingi za Italia kirusi kilienea chenyewe, pasipo mkono wa mtu, mradi miti yenye makovu iliachwa isimame.

Marekani walipojaribu dawa hiyohiyo haikufaa sana. Kuvu haziungani isipokuwa ni za ukoo mmoja. Ulaya koo zake ni chache, lakini Marekani ni nyingi mno, na kirusi hakipati njia ya kupita.

Adui wa tatu alionekana mwaka 2002 karibu na Cuneo, katika Piemonte. Wasomaji wa Kenya na Iringa huenda wakalijua jimbo hilo kwa sababu nyingine, maana mji wake mkuu ni Torino, walikotoka wamisionari wa Konsolata waliofika Kenya mwaka 1902 na Iringa mwaka 1919. Adui huyu ni nyigu mdogo mweusi, urefu wake hauzidi milimita tatu, na yasadikiwa alikuja amefichwa ndani ya vikonyo vya kubebeshea vilivyotoka China. Wote ni majike. Hawahitaji dume ili kuzaa. Wakati wa joto hutaga katika macho ya mti, na majira ya kuchipua yanapofika, mahali pa tawi na maua hutokea kinundu cha kijani na chekundu. Mti wenye vinundu vingi hauzai. Kunyunyizia sumu hakukufaa, kwa kuwa buu amefungiwa ndani ya jicho la mti, na katika mashamba mengine karibu mavuno yote yalipotea.

Wajapani walikuwa wamepigwa na nyigu huyohuyo miaka mingi kabla, nao walimleta kutoka China adui yake, nyigu mwingine ambaye hutaga ndani ya kinundu ili watoto wake wamle buu aliyemo. Wataalamu wa chuo kikuu cha Torino wakampata kutoka Japani, na mwaka 2005 wakaanza kumwachilia katika Piemonte. Huyu huzaa mara moja tu kwa mwaka. Si neno jepesi kumwambia mkulima aliyekosa mavuno angoje miaka saba au minane. Zaidi ya hayo iliwapasa kumkataza kuchoma matawi aliyoyapogoa, ingawa kuchoma ndilo jambo ambalo mkulima ye yote hulifanya kwanza aonapo ugonjwa. Maana mlinzi wake hulala kipindi chote cha baridi ndani ya vile vinundu vikavu, na achomaye vinundu humchoma yeye. Waliosikia wakayaacha matawi shambani. Kabla ya miaka kumi kwisha, vinundu vilikuwa vimepungua sana katika Piemonte, na kastani zikaanguka tena.

Ugonjwa wa wino, ule wa kwanza, haujapata mlinzi wa namna hiyo. Tangu miaka ya 1990 umerudi kwa nguvu katika sehemu nyingi, penye udongo mzito na mvua nyingi za kipindi cha baridi. Wakulima huchimba mifereji ili kuyaondoa maji kwenye mashina, hutia samadi kuzunguka mizizi, na hujizuia wasichukue udongo kwa viatu na majembe kutoka shamba lenye ugonjwa hata shamba zima.