Simba wetu hakupata jiwe

Simba alikufa Jumanne alfajiri. Sio simba wa mbugani, ni mbwa wetu wa hapa Makueni, lakini hilo jina ndilo limenifanya nikae usiku mbili nikisoma historia badala ya kuhariri video. Niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo hakuna profesa wa kunikemea nikikosea. Mtanivumilia.

Jamaa wa agroveti alisema ni ugonjwa wa kupe. Swali lake la pili likanishtua: "Ameuma mtu hivi karibuni?" Sikujua kwamba mbwa akishukiwa kuwa na kichaa, humfukii hivi hivi. Kichwa chake kinafaa kupimwa, na maabara kubwa ya mifugo iko Kabete. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa Kenya mwaka 1912, kwa mbwa aliyekuwa karibu na Nairobi, na huku Ukambani tumeishi nacho miaka mingi sana. Ndiyo maana Makueni ilikuwa kati ya kaunti za kwanza kufanyiwa majaribio ya ule mpango wa kumaliza ugonjwa huu ifikapo 2030. Simba alikuwa amechanjwa na hakuwa ameuma mtu. Basi mwili ulikuwa wetu, tuamue wenyewe.

Hapo ndipo vita vilianza. Mimi nilitaka kumzika chini ya mwembe, hatua chache tu kutoka kaburi la babu. Baba mdogo akacheka kwanza, halafu akakasirika. "Mbwa anapelekwa korongoni. Hayo mambo ya kuzika wanyama ni ya wazungu."

Haya, twende kwa hao wazungu basi.

Mwaka 1956 George Adamson, aliyekuwa afisa wa wanyamapori kaskazini mwa Kenya, alimpiga risasi simba jike aliyemrukia. Baadaye akagundua ana watoto watatu. Wawili wakapelekwa Rotterdam, mmoja akabaki na George na mkewe Joy. Huyo ndiye Elsa. Alikufa Januari 1961, na ugonjwa wenyewe ulikuwa wa kuletwa na kupe, kama wa Simba wetu. Niliposoma hapo niliweka simu chini kidogo. Elsa alizikwa Meru, karibu na mto, na kaburi lake liko hadi leo. Joy alipouawa Januari 1980 alichomwa, na majivu yake yakapelekwa kwa makaburi ya Elsa na Pippa, duma wake. Mtu ameomba azikwe na mnyama wake! Huku kwetu ukiomba hivyo wataita mchungaji.

Lakini stori inayonihusu zaidi ni ya Kora. Mamangu ni wa Mwingi, na Kora inapakana na hifadhi ya Mwingi kule kaskazini mwa Kitui. George alihamia huko 1970 na simba wake, mmoja akiitwa Boy, ambaye alikuwa ameigiza kwenye ile filamu ya Born Free ya 1966. Watu walimwita George "Baba ya Simba".

Juni 1971 Boy alimuua Stanley Murithii, msaidizi wa George. Stanley hakuwa mpita njia. Alikuwa mfanyakazi wa hiyo kambi, anawajua hao simba kwa majina. George alimpiga Boy risasi akafa.

Sasa sikiliza. George mwenyewe aliuawa na majambazi tarehe 20 Agosti 1989, yeye na wasaidizi wake wawili (ona, hata mimi nimewaandika kama hesabu tu). Alizikwa Kora, karibu na ndugu yake Terence na simba wake. Boy yuko hapo. Watalii wanaenda kutazama. Nimesoma kurasa kibao kuhusu Kora wiki hii, na jina la Boy liko karibu kila mahali. La Stanley lilinichukua muda kulipata.

Simchukii George. Mzee aliishi na alichokipenda, na baada ya kifo chake Kora ikawa mbuga ya taifa. Pia sikubali kwamba kulia mnyama ni uzungu. Baba mdogo mwenyewe ng'ombe wake alipokufa kwa ukame hakula siku nzima, na huyo hakuwa mzungu. Kinachoniuma ni mpangilio: simba ana kaburi la kutembelewa, na mtu aliyeuawa naye unamtafuta kwa tochi.

Nilimwambia Susu haya yote nikidhani ataniunga mkono. Alinisikiliza mpaka mwisho, akiwa anachambua pojo.

"Huyo mbwa alilinda hii boma miaka tisa," akasema. "Korongoni haendi. Lakini babu yako bado hajajengewa kaburi, ni udongo tu pale. Wewe unataka kumwekea mbwa jiwe kabla ya babu yako?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimemkasirikia Adamson kwa jambo ambalo mimi nilikuwa karibu kulifanya nyumbani.

Tulimzika mwisho wa shamba, juu ya ile fanya juu ya pili, mbali na kisima. Nilichimba hadi kiunoni ili fisi na mbwa wengine wasimfukue, na udongo ulikuwa mgumu kama lami. Baba mdogo alikuja bila kuitwa, akachukua jembe. Susu akaleta matawi ya miiba, tukafunika. Hatukuweka jiwe.

Pesa nilizokuwa nimeweka za kununua maiki mpya nimempa fundi, aanze na simiti ya kaburi la babu. Na sufuria ya Simba bado iko pale nje mlangoni. Kuku wanakunywa maji humo.