Kuumia ku kichwa: jeni nayo iko na neno?

Wawili wanaanguka na moto, wanapigwa kichwa sawasawa. Mumoja anarudi ku kazi, mwengine anasahau hata jina la mutoto wake. Juu ya nini?

Wachunguzi wengi wameangalia APOE, jeni ya protini inayobeba mafuta ndani ya ubongo. Bila mafuta hayo, seli zilizoharibika hazitengenezwi vizuri. Tunairizi kwa baba na mama, na aina moja yake inaitwa e4. Mwaka 1997, waganga wa Glasgow, kule Scotland, walifuata wagonjwa kwa miezi 6. Wenye e4, 17 kati ya 30 walikufa ao wakabaki na ulemavu mukubwa. Wasio nayo, 16 kati ya 59. Habari ikavuma sana. Lakini mwaka 2005 timu hiyohiyo ilipima wagonjwa zaidi ya 1.000: kwa jumla tofauti ikapotea, ikabaki kwa watoto na vijana.

Kwa hiyo mutu asiwauzishe kipimo cha damu eti kitasema nani atapona. Munganga anaangalia kwanza umri, mboni za macho, na namna mugonjwa anaitika akiitwa. Akitapika mara na mara, ao akishindwa kuamuka, mumupeleke ku hospitali saa ileile.