Kipakatalishi kikuukuu kinapozimika ghafla

NILIKUWA nikisahihisha tasnifu ya mpwa wangu, siku tatu kabla ya siku ya kuiwasilisha chuoni, pale kipakatalishi changu kilipozimika ghafla bin vuu. Marekebisho ya sura nzima yalipotea. Fundi niliyemwendea hakukifungua. Alibonyeza kitufe mara mbili akatangaza kwamba bodi kuu imekufa, na bei aliyonitajia ilitosha kununua kingine cha mtumba. Fundi wa pili alikifungua, akatoa blanketi la vumbi. Tangu hapo kinafanya kazi.

Kwa hivyo, kabla ya kukubali hukumu ya kifo, chunguza namna mtambo wako unavyozimika. Lakini kwanza, pindi utakapowaka, nakili kazi zako zote kwenye flashi au diski ya nje. Uchunguzi wenyewe huenda ukauzima mara nyingi, na kila kuzimika kwa ghafla kunaweza kuharibu faili iliyo wazi.

Je, huzimika baada ya dakika 15 au 20, hasa unapotazama video, ilhali sehemu ya chini ina moto wa kuchoma mapaja? Basi mshukiwa mkuu ni joto. Prosesa nyingi za vipakatalishi zimewekewa kikomo cha takriban nyuzijoto 100. Ikikikaribia, prosesa hujipunguzia kasi. Joto likizidi kupanda, mtambo hujikatia umeme bila kuaga. Hiyo si hitilafu bali ni kinga. Weka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa. Ikiwa hakuna upepo unaotoka, ama feni imekwama ama njia imezibwa. Wapo pia wanaokitumia kitandani juu ya blanketi, kisha wakamlaumu aliyewauzia.

Kusafisha si kazi ngumu kwa mwenye bisibisi ndogo na subira. Zima, chomoa chaja, toa betri (katika miundo ambayo betri imo ndani, chomoa waya wake mara tu unapofungua kifuniko). Pangusa vumbi kwa brashi laini, hasa kwenye mapezi ya shaba yaliyo kando ya feni. Ukipuliza hewa, zuia feni kwa kijiti isizunguke kwa kasi ikajiharibu. Kati ya prosesa na bomba la shaba kuna krimu ya kupitisha joto, ambayo hukauka baada ya miaka kadhaa. Ifute kwa spiriti, upake mpya kiasi cha punje ya mchele. Wengi huona kwamba ikizidi ndivyo bora. Sivyo.

Ikiwa kinazimika hata kikiwa baridi, geukia umeme. Betri ya lithiamu iliyochoka huonyesha asilimia 40, na mara unapochomoa chaja, zi! Katika Windows, kuanzia toleo la 8, amri powercfg /batteryreport hutoa ripoti inayolinganisha uwezo wa betri ilipoundwa na uwezo wake wa sasa. Njia nyepesi zaidi, kwa betri inayotoka, ni kuiondoa na kutumia chaja pekee. Kikikaa bila kuzimika, umempata mwizi. Kikizimika unapogusa waya, kagua plagi na tundu lake. Chaja ya kuazima nayo isomwe kibandiko: volti ziwe sawa na za chaja asilia, ampea zisiwe pungufu.

Hapa pana onyo. Ukiona kibodi imeinuka au kifuniko cha chini kimevimba, betri imefura. Acha kuichaji papo hapo, usiitoboe wala kuikandamiza, maana yaweza kushika moto.

Ili kujua kama kosa ni la programu, fungua ukurasa wa mipangilio wa BIOS, aghalabu kwa kubonyeza F2 au Delete mtambo unapowaka, ukiache hapo nusu saa. Kikizimika hapo, Windows haina hatia. Nao ujumbe wa Kernel-Power 41, unaowatia wengi kiwewe, husema tu kwamba mtambo ulizimika bila utaratibu, haumtaji muuaji. Vilevile chomoa vipande vya kumbukumbu, uvirudishe kwa uthabiti.

Ni baada ya yote haya, mtambo ukiwa safi, baridi, na umejaribiwa kwa chaja nyingine, ndipo bodi kuu inapostahili kushukiwa. Hata hapo, muulize fundi amepima nini. Na asikutishe kuhusu kazi zako: katika vipakatalishi vingi vya zamani, diski hufunguliwa kwa skrubu chache, ikatiwa katika kasha la USB na kusomwa kwenye tarakilishi nyingine. Ondoka nayo mfukoni kabla hujauacha mtambo dukani.