Lewiston: Mji Uliojengwa na Wageni

Katika makala hii tunauangalia mji wa Lewiston, katika jimbo la Maine, kaskazini-mashariki mwa Marekani. Ni mji mdogo. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu wakazi 37,121. Tumeuchagua kwa kuwa historia yake inaonyesha jinsi idadi ya watu, asili yao na pato lao vinavyofungamana, na jinsi mwanadamu anavyokosea anapotafuta wa kulaumiwa bila kuangalia mfuatano wa miaka.

Mji huu ulikua kwa nguvu ya maji ya mto Androscoggin. Vibarua kutoka Ireland walichimba mifereji, na mwaka 1850 Benjamin Bates alianzisha kiwanda kikubwa cha nguo. Pamba ya miaka ile ilitoka majimbo ya kusini, nayo ilichumwa na watumwa wenye asili ya Afrika. Ndiyo kusema, utajiri wa kwanza wa Lewiston ulibeba deni ambalo halikuandikwa katika daftari lo lote.

Reli ilipouunganisha mji na Kanada mwaka 1874, waliingia Wakanada wasemao Kifaransa kutoka Quebec. Walikuwa maskini, wakasongamana katika mtaa ulioitwa Little Canada. Walidharauliwa kwa sababu ya lugha yao na Ukatoliki wao. Sheria ya jimbo ya mwaka 1919 iliagiza kwamba shule za umma zifundishe kwa Kiingereza, na katika miaka ya 1920 Ku Klux Klan walipata wafuasi wengi Maine kwa kuwachochea watu dhidi ya Wakatoliki. Hata hivyo, wafanyakazi hao walijenga kanisa kubwa la Watakatifu Petro na Paulo, lililowekwa wakfu mwaka 1938.

Baadaye kazi ya nguo ilihamia kusini mwa Marekani na ng'ambo, kulikokuwa na ujira mdogo zaidi. Mwaka 1970 mji ulikuwa na watu 41,779. Mwaka 2000 walibaki 35,690. Vijana waliondoka, nyumba za kupanga zikabaki tupu, na pato la kaya likawa chini ya lile la kawaida katika jimbo zima.

Hapo ndipo, mwaka 2001, familia za Wasomali zilipoanza kuhamia, zikivutwa na nyumba za bei nafuu, shule na usalama. Oktoba 2002 meya aliwaandikia wazee wao barua ya wazi akiomba wapunguze kasi ya kuja, maana uwezo wa mji ulikuwa umefika kikomo. Tusimhukumu kwa haraka: mji maskini ulikuwa na mzigo wa kweli. Lakini tuhesabu vizuri. Upungufu wa watu 6,089 na kufungwa kwa viwanda vilitangulia. Umaskini ulikuwamo mjini kabla mgeni hajabisha hodi. Januari 2003 kikundi kidogo cha wabaguzi kilipokuja kufanya mkutano, wananchi zaidi ya 4,000 walikusanyika siku hiyo hiyo kuwaunga mkono Wasomali.

Kuanzia mwaka 2005 hivi waliongezeka Wabantu wa Somalia, na hapa historia inagusa nchi yetu. Wengi wao ni wazao wa watu waliochukuliwa utumwani katika karne ya 19 kutoka pande za Tanzania na Msumbiji za leo, wakiwamo Wazigua, wakapelekwa Somalia. Baadhi yao hata leo wanasema Kizigua. Vita vya mwaka 1991 viliwafukuza kutoka bonde la Juba. Wengine walipata hifadhi Handeni, wengine walikaa Dadaab na Kakuma kabla ya kupelekwa Marekani. Hivyo wazao wa watumwa wamefika katika mji uliotajirika kwa pamba ya watumwa. Je, mgeni hapo ni nani, na mdai ni nani?

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wakulima hawa wa Juba wamelishika jembe tena katika ardhi ya Maine, na kati ya mwaka 2000 na 2020 mji uliokuwa ukipungua uliongezeka watu 1,431. Walawi 19 inawaagiza Waisraeli wampende mgeni kwa kukumbuka kwamba wao pia walikuwa wageni Misri. Mchungaji anayewafundisha watu historia yao wenyewe anaitumikia amri hiyo, maana asiyekumbuka safari ya babu yake hufunga mlango upesi.